Mfuko Mmoja wa Matibabu: Kheri Yake na Mashaka Yake

Yako maneno mawili yasemwayo siku hizi katika kila baraza, na kila mwenye kusema moja hulisema kana kwamba la pili halipo. Wako wasemao kuwa bima ya afya kwa wote ni neema iliyochelewa, na wako wasemao kuwa ni kodi nyingine iliyovishwa koti jeupe la daktari. Sisi huku Kapalamsenga, katika wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, tumeyasikia yote mawili chini ya mwembe mmoja na katika adhuhuri moja. Baadhi ya wazazi wenye watoto katika chuo chetu wametutaka tuyapime kwa mizani ya dini na ya akili, kisha tuseme lipi zito. Basi twajaribu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Kwanza yafaa tutenganishe maneno, maana watu wengi hugombana kwa kuwa kila mmoja ana jambo lake moyoni. "Matibabu kwa wote" maana yake ni kuwa hapana mtu anayebaki nje ya mlango wa hospitali kwa ajili ya fedha. "Mlipaji mmoja" ni jambo jingine: ni kuwa fedha za matibabu za nchi nzima zakusanywa katika mfuko mmoja, na mfuko huo peke yake ndio unaomlipa kila tabibu na kila hospitali. Nchi yaweza kuwa na la kwanza bila ya kuwa na la pili.

Uingereza, tangu tarehe 5 Julai 1948, hospitali nyingi ni mali ya umma, na mgonjwa akilazwa hatoi kitu mlangoni, kwa kuwa amekwisha kutoa katika kodi zake. Canada walishika njia ya pili. Huko madaktari wengi hujifanyia kazi wenyewe, lakini anayewalipa ni mmoja, nayo ni serikali ya kila jimbo. Mpango huo ulipoanza katika jimbo la Saskatchewan mwaka 1962, madaktari waligoma siku 23 wakiupinga; leo hao hao Wacanada huuhesabu kuwa ni katika fahari za nchi yao, ingawa hulalamika, na wana haki ya kulalamika, kuwa mgonjwa wa goti au wa nyonga hungoja miezi mingi apate kupasuliwa. Ama Marekani, nchi tajiri kuliko zote hizo, wao wana makampuni mengi ya bima, na serikali yao huwalipia wazee na mafukara tangu mwaka 1965. Pamoja na utajiri wote huo, mamilioni ya watu wao hawana bima yo yote. Msomaji na azingatie: wingi wa mali peke yake haukuwafikisha.

Na sisi je? Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi wa Novemba 2023, na Rais akaitia sahihi. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana mfuko wao, nao walitunga sheria yao mwaka huo huo. Sheria ya Bara yamtaka kila mkazi awe na bima. Lakini haikuufanya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, kuwa mlipaji wa pekee. Makampuni ya watu binafsi nayo yamepewa nafasi kando yake. Kwa hiyo mpango wetu ni wa wote kwa nia, wala si wa mlipaji mmoja. Tafauti hii tutairudia, maana ndani yake mna jambo.

Watu wa upande huu wa ziwa hawakuanza jana kuuliza nani atamlipa tabibu. Wazee wa Karema bado wamtaja Adrien Atiman, mtu aliyezaliwa kando ya mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu huko Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Dini yake si yetu, lakini haki ya mtu haifichwi: kwa zaidi ya miaka sitini, mwenye maradhi katika pwani hii alijua pa kwenda. Kisha ukaja Uhuru, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ikaeneza zahanati na vituo vya afya vijijini, matibabu yakawa bure, na mwaka 1977 hata utabibu wa kibiashara ukapigwa marufuku. Twakumbuka sote vyombo vya redio vilivyokusanya watu jioni kusikiliza "Mtu ni Afya" mwaka 1973. Na asiyekumbuka yeye, babake akumbuka.

Ile "bure" lakini ilikuwa na mlipaji, naye ni hazina ya taifa. Hazina ilipodhoofika baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979 na dhiki iliyofuata, zahanati zilibaki wazi na makabati yakabaki matupu. Mgonjwa alimwona tabibu bila ya kutoa senti, akaandikiwa dawa, akaambiwa akainunue mahali pengine. Mwaka 1993 serikali ikaanza kutoza ada, ikianzia hospitali kubwa. Walisamehewa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wenye kifua kikuu na ukoma, na wazee wasiojiweza. Lakini baina ya msamaha ulioandikwa na dirisha la dawa kuna safari, na wengi hawakufika.

Hapo ndipo ulipotoka Mfuko wa Afya ya Jamii. Ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Kaya hutoa fungu kwa mwaka, na serikali ikaongeza fungu mfano wake, jambo lililoitwa "tele kwa tele". Mwaka 2018 mfuko huo ulipofanyiwa maboresho, mchango wa vijijini uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na kadi yake ikatumika toka zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Tuhesabu pamoja: ni shilingi 5,000 kwa kila kichwa kwa mwaka mzima, yaani hazifiki shilingi 14 kwa siku. Mtu atasema: kwa bei hiyo nani atakataa? Walikataa wengi. Muswada wa sheria mpya ulipokuwa ukijadiliwa, Watanzania wenye bima ya namna yo yote walikuwa kama 15 tu katika kila 100.

Sababu yake haikuwa ujinga, kama wasemavyo baadhi ya watu wa mijini. Mkulima ambaye hakuugua mwaka jana aliona kuwa fedha yake imepotea bure, na aliyeugua akakuta hapana dawa aliona kuwa ameibiwa. Wote wawili mwaka wa pili hawakurudi. Aliyerudi ni yule mwenye maradhi ya siku zote, ambaye kadi kwake ni faida kila mwezi. Na mfuko ukibaki na wagonjwa peke yao, huo si mfuko tena.

Tupige mfano wa kubuni, ili kijana asiyependa hesabu naye afahamu. Kijiji kina kaya 200. Zikiingia zote kwa shilingi 30,000, mfukoni mna shilingi 6,000,000. Tuseme mwaka huo watu kumi wanahitaji kupasuliwa, na kila mmoja gharama yake ni shilingi 400,000: hizo ni 4,000,000, na hubaki 2,000,000 za homa na kikohozi cha wengine. Lakini wakiingia wale tu wanaojiona wagonjwa, tuseme kaya 20, mfukoni mna shilingi 600,000, na katika hao 20 huenda sita wakahitaji kisu, nazo ni 2,400,000. Mfuko umekufa kabla ya Ramadhani. Hapa hapana mwizi wala mzembe. Ni hesabu tu.

Jambo hili si la kubuni kwa nchi yetu. Mfuko wa Taifa ulikuwa na kadi ya watoto, Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Ilikuwa neema kubwa kwa wazazi wenye watoto wagonjwa, na kwa sababu hiyo hiyo wazazi waliowaandikisha zaidi ni wenye watoto wagonjwa. Mwaka 2023 Mfuko ukasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukisema kuwa yatoka mengi kuliko yaingiayo. Wazazi walilia, nasi twawapa haki ya kulia. Lakini lawama tusiitupe upande mmoja. Ukimfungulia mlango kila mtu aingie siku anayotaka na atoke siku anayotaka, ataingia siku ya homa na kutoka siku ya afya. Ndiyo maana twaona kuwa sharti la kuwaingiza wote, lililo zito masikioni mwa watu, ndilo lenye hoja yenye nguvu kuliko zote katika sheria hii.

Sasa lile swali tuulizwalo zaidi: bima si haramu? Wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu, na yafaa tuwafuate wao kuliko kufuata maneno ya barazani. Mkutano wa wanavyuoni wa Azhar, Cairo, mwaka 1965, ulikubali bima ya kusaidiana na mipango ya serikali ya kuwahifadhi raia. Na Baraza la Fikihi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokutana Jedda mwishoni mwa mwaka 1985, lilitenga baina ya mbili: bima ya biashara yenye malipo maalumu ni mkataba wenye udanganyifu mkubwa ndani yake, yaani gharari, nao haufai, na badali yake ni bima ya kusaidiana, ambayo mtu hutoa kwa nia ya kujitolea kwa ndugu zake, hachumi nayo mtu faida.

Na asili ya jambo hili tunayo. Wasomaji wakumbuka khabari ya Waash'ari wa Yemen, ambao Mtume (S.A.W.) aliwasifu kwa kuwa chakula kikiwapungukia hukusanya kila walicho nacho katika nguo moja, kisha hugawana sawasawa. Hapo hapakuulizwa nani alileta pishi na nani alileta kibaba. Wakumbuka pia hukumu ya dia ya mauaji ya bahati mbaya, ambayo jamaa wa upande wa baba huilipa kwa kushirikiana, ili mzigo mmoja usimvunje mtu mmoja. Na ama matibabu yenyewe, Sultani Nuruddin alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284, zote mbili kwa wakfu. Tajiri na fukara walitibiwa humo bila ya kulipa. Wakfu huo ulikuwa ni mashamba na maduka ambayo mapato yake hayakuguswa kwa kazi nyingine. Tuseme kwa lugha ya leo: palikuwa na mlipaji mmoja, na mlipaji huyo alikuwa na fungu lake lisilopunguzwa na waziri wala liwali.

Kwa hiyo mfuko wa umma, ambao hautafuti faida na ambao watu wote hutoa ili asaidiwe aliyefikwa, hautii wasiwasi katika nyoyo zetu. Kampuni ya biashara ni jambo jingine, na mwenye kutaka kuingia huko na aulize mashekhe kwanza. Hapa ndipo tuliposema kuwa tafauti ya mlipaji mmoja na walipaji wengi ina jambo ndani yake. Kampuni ya biashara humtaka kijana mwenye afya na mshahara. Mzee wa Kapalamsenga mwenye shinikizo la damu haitamfuata huku. Vijana wenye mishahara wakichukuliwa na makampuni, mfuko wa umma hubaki na wazee, wakulima na wagonjwa, na ile hesabu ya kaya 20 yajirudia kwa ukubwa wa taifa. Lau tungeulizwa, tungependa mfuko mmoja kwa wote katika huduma za msingi, na anayetaka kitanda chenye pazia la hariri akajilipie juu yake.

Lakini mfuko mmoja nao una khatari zake, na si uadilifu kuzificha. Mlipaji mmoja akichelewa kulipa, hapana mwingine wa kukimbilia. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mfuko wao tangu mwaka 1966, nao mara kwa mara uliandamwa na tuhuma za wizi. Tarehe 1 Oktoba 2024 waliuacha, wakaanza Mamlaka mpya inayokata asilimia 2.75 ya mshahara wa kila mtu. Mwaka uliofuata hospitali za binafsi zilipata kusimamisha huduma kwa kudai malimbikizo, na wagonjwa waliokatwa mishahara yao wakatakiwa walipe taslimu. Mtu anayekatwa kwa nguvu kisha akaambiwa alipe tena, hata awe mpole namna gani, ataiita ile makato dhuluma.

Hili ndilo lililo zito zaidi kwetu. Mchango wa lazima ni ahadi ya pande mbili. Kaya ikitoa fedha yake mwezi wa Julai, na mtoto akashikwa na malaria mwezi wa Februari, ahadi hiyo yatimia kwa vidonge vilivyomo kabatini siku hiyo, wala si kwa kadi iliyomo mfukoni. Tulipata kumwona mama wa mmoja wa wanafunzi wetu amefika na kadi yake katika zahanati moja, akapimwa vizuri na kwa upole, kisha akaandikiwa karatasi ya kwenda duka la dawa. Dukani alitoa fedha ya mbegu. Mama huyu hakuwa na haja ya kusomewa fikihi ajue gharari ni nini: amelipia kitu asichojua kama kitakuwapo. Sheria ingeweza kuandikwa kwa wino wa dhahabu, na bado huyu mwanamke mwakani asingetoa kwa ridhaa.

Yako na mengine yanayowahusu watu wa vijijini, ambayo watunga sheria wakiwa Dodoma huenda hawayaoni vizuri kama tuyaonavyo sisi.

Kaya ya watu sita ni kaya ya nani? Kwetu nyumba moja ina mume, mkewe, watoto sita, na bibi aliyefiwa, nao ni tisa. Mwenye wake wawili ana nyumba mbili na mfuko mmoja wa fedha. Waliozidi sita hawamo katika kadi, na baba hulazimika kuchagua ni nani wa kuandikwa na nani wa kuachwa. Na tumeona kuwa anayeachwa kwa kawaida ni bibi, kwa sababu mwenyewe husema "mimi nimekwisha ishi". Aliye na haki ya kutangulizwa ndiye anayejitolea kubaki nyuma.

Tena, fedha ya mkulima ina majira. Mahindi, karanga, pamba na tumbaku huuzwa baada ya mvua kukatika. Ugonjwa hushika mvua zinapokuwa nyingi, wakati ambapo ghala limepungua na njia imekuwa tope. Mwandikishaji akija Januari ataondoka na ahadi tupu. Akija Julai, meza yake haitatosha. Jambo hili halihitaji sheria mpya, lahitaji kalenda.

Na kadi hailipi nauli. Mgonjwa akipewa rufaa ya kwenda Mpanda, kupasuliwa kwake kwaweza kuwa kwa kadi, lakini pikipiki au gari, na chakula cha anayemuuguza, ni juu ya nyumba. Wako watu ambao kwao nauli ni kubwa kuliko ada ambayo kadi imewaepusha. Na ugonjwa ukishinda hospitali ya mkoa, kwamba mtu apelekwe Mbeya, au Bugando, Mwanza, au Muhimbili, ile kadi ya shilingi 30,000 imekoma pale pale. Hapo ndipo ng'ombe huuzwa na shamba likawekwa rehani.

Yawezekana mfuko mpya utatibu baadhi ya hayo, lakini kwa bei gani? Mwaka 2022, muswada ulipokuwa mezani, kiasi kilichotajwa na wakubwa wa wizara kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Kiasi hicho ni zaidi ya mara kumi ya kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Hatusemi kuwa dawa na visu havina gharama, vinayo. Twasema kuwa mtu aliyeshindwa kutoa 30,000 hatapata 340,000 kwa kuamrishwa. Hapa sharti la kuwaingiza wote, ambalo tumelisifu hapo juu, lawa halina maana isipokuwa mwenye nacho amchukulie asiyekuwa nacho. Hiyo ndiyo asili ya nguo ya Waash'ari. Hawakutoza kila mtu pishi moja.

Rwanda walilifahamu hili mapema. Bima yao ya vijijini ilijaribiwa mwaka 1999, ikaenea nchi nzima katika miaka iliyofuata, na kuanzia mwaka 2011 walipanga mchango kwa kadiri ya hali ya kila kaya, mafukara wakalipiwa. Zaidi ya Wanyarwanda wanane katika kila kumi wamo ndani. Si nchi tajiri kuliko yetu. Walakini wao ni wachache, na nchi yao yakaa karibu karibu. Mkoa wetu wa Katavi peke yake, uliohesabiwa watu 1,152,958 mwaka 2022, umetandaa juu ya nchi kubwa ya misitu na mabonde ambayo gari la dawa huichukua siku nzima.

Hata hapa petu, mfano haukukosekana. Katika wilaya yetu hii ya Tanganyika viko vijiji vinane vinavyoulinda msitu wa milima ya Ntakata, nao ni Bujombe, Kagunga, Kapanga, Katuma, Lugonesi, Lwega, Mpembe na Mwese. Kwa kuuacha msitu usimame hulipwa fedha za hewa ukaa, na sehemu ya fedha hizo imetumika kujenga zahanati na kuwalipia wanakijiji bima. Kapalamsenga haimo katika vinane hivyo. Sisi tuna shaba ardhini mwetu, wao wana miti juu ya yao. Miti yao imewatibu. Husuda ni haramu, lakini kuuliza si haramu: mali inayotoka katika ardhi ya kijiji, kwa nini isianze kuwakatia kadi wenye kijiji? Swali hili tumekwisha kulipeleka kwa wazee, walilete katika mkutano mkuu.

Limebaki neno juu ya fedha za kuwalipia mafukara. Sheria ya mwaka 2023 imetaja vyanzo vya mfuko wa wasiojiweza, na miongoni mwavyo mna ushuru wa vinywaji vyenye gesi, wa vipodozi, wa pombe, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Vijana wetu wawili walitujia wakiwa na hamaki: vipi mjane wa Kiislamu atibiwe kwa fedha ya ulevi na kamari? Tuliwaambia watulie. Imamu Ghazali amelizungumza, na Imamu Nawawi amelipokea kwake, kuwa mali isiyo halali ambayo mwenyewe wa kurudishiwa hajulikani, njia yake ni kutumiwa katika maslaha ya Waislamu wote au kupewa mafukara, na kwa fukara anayeipokea ni halali. Dhambi ya chupa iko kwa mwenye chupa. Mjane hakunywa. Tunayoyachelea sisi ni mengine: mfuko unaotegemea ulevi hauna sababu ya kutaka ulevi upungue.

Na sisi wenyewe tusikae tukingoja Dodoma. Tumeulizwa kama zaka yaweza kulipia kadi ya fukara. Katika madhehebu yetu ya Shafi, zaka ni haki ya fukara mwenyewe, nayo sharti imfikie mkononi. Kwa hiyo wazee wa msikiti wasichukue zaka ya watu wakapeleka ofisi ya bima kwa jina lake, bali wampe yeye, kisha yeye ailipe kwa hiari yake. Akichagua kununua unga, unga ni haki yake. Ama sadaka, hiyo ina wasaa, na yaweza kwenda moja kwa moja kulipia kadi, au nauli ya rufaa, ambayo tumeona kuwa haina mlipaji.

Katika chuo chetu tumeandika daftari. Ndani yake mna majina ya wajane na wazee wasiokuwa na mtu, na mbele ya kila jina idadi ya walio chini ya dari yake, kadi kama anayo, na mwezi itakapokwisha. Majina ni 23. Wenye kadi hai ni wanne. Debe la sadaka limewekwa karibu na mlango wa msikiti tangu mwezi wa Shaabani, na anayekosa fedha huleta mahindi, nasi tutayauza bei ikipanda. Kwa hesabu ya juzi zimepatikana za kaya saba. Tutaanza na wale bibi watatu walioachwa nje ya kadi za watoto wao.